Mwanzi wa Kupimia Trekta

Wachimbaji walifika asubuhi na sururu na makoleo yao, wakasimama uani wakiota moto wa jiko la msiba, na hakuna aliyewaambia wachimbe wapi. Nafasi ilikuwepo, tena ya wazi kabisa, kati ya kaburi la mume wa Shangazi Yuditha na kaburi la mwanawe Enoki. Iliachwa kwa ajili yake tangu siku mumewe alipozikwa. Lakini katikati ya nafasi hiyo kulikuwa na mistari miwili ya matairi, imedidimia ardhini, na majani yalikwishaacha kuota pale miaka mingi. Mzee Obadia, shemeji yake Shangazi, aliitazama ile mistari akiwa ameegemea fimbo yake, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, kisha akaniita. "Wewe ndiye uliyekaa naye mwaka ule wa trekta," akasema. "Alikuambia alale wapi?" Jibu nilikuwa nalo tayari. Nikamwomba aniache ninywe chai kwanza. Akanitazama kama anavyonitazama tangu zamani, nusu hasira nusu kicheko. "Kunywa," akasema, "ila mvua haitaisubiri chai yako."

Jiko la Shangazi ni chumba cha peke yake nje ya nyumba kubwa, kuta zimelambwa na moshi mpaka zinang'aa. Wanawake wa usharika walikuwa humo wakimenya viazi vya kuwalisha waombolezaji, wakizungumza Kibena kwa sauti ya chini, na nilipoingia na salamu yangu ya "kamwene" iliyochakaa kwa kukaa Dodoma, walicheka kidogo wakanisogezea kigoda. Nikainua macho kwenye paa. Kile kipande cha mwanzi kilikuwa bado kimechomekwa pale kwenye mapau, cheusi kwa masizi, kifupi kuliko mikono yangu ikinyooshwa. Mama mmoja aliona ninapotazama akaniuliza ni mpini wa kitu gani. Nikamwambia si mpini. Nilitaka kumwambia zaidi nikashindwa, nikaishika chai yangu kwa mikono miwili na kuuacha ule mwaka urudi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo ambayo hata mimi mwenyewe sikuyategemea, nikapelekwa kukaa na Shangazi kwa sababu alikuwa peke yake na bega lake la kulia lilikuwa limeharibika. Alianguka akiwa na mzigo wa kuni, na tangu siku hiyo mkono haukupanda juu ya kifua. Nilipewa chumba kilichokuwa cha Enoki, chenye dirisha dogo la mbao na ukungu uliokuwa ukiingia asubuhi bila kubisha. Jioni tulikula viazi vilivyochemshwa na maganda yake, chumvi kwenye kisahani, maharage, na siku za bahati maziwa ya mgando. Tuliukaribia moto mpaka magoti yanaungua huku migongo imeganda, na Shangazi alikuwa akisema kwamba mtu wa Njombe hupikwa upande mmoja tu. Leo nikikaa sebuleni kwangu penye joto la Dodoma, ninaukumbuka ule upande wa mgongo kuliko upande wa moto. Sijui ni kwa nini. Labda kwa sababu ndio uliokuwa ukinifanya nimsogelee.

Shamba lake lilikuwa nyuma ya nyumba, likianza kwa utulivu juu ya kilima na kushuka mpaka bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za majimaji tunazolima wakati wa kiangazi. Lilikuwa ardhi ya ukoo wa mumewe, na haki yake juu ya ardhi hiyo ilikuwa jembe. Akilima ni lake, akiacha linarudi. Zamani alipokuwa akihitaji watu aliita mgowe: unapika togwa chungu kikubwa, majirani wanakuja na majembe, wanalima wakiimba, jioni wanakunywa, na zamu yao ikifika na wewe unakwenda. Wengine walinunua ulanzi, ile pombe ya mianzi, yeye Mlutheri wa kweli alipika togwa na kudai kwamba watu wake ndio walionyoosha matuta. Lakini mwaka ule vijana walikuwa wamehamia kwenye kupasua mbao, na alipoita mgowe walikuja wazee watatu na bibi mmoja aliyekuja kwa togwa tu, hakuficha. Basi kikao cha ukoo kikakaa. Mzee Obadia akasema, kwa upole kabisa, kwamba miti haihitaji bega. Mvua za kwanza zikikuta shamba halijalimwa, watapanda miti ya paini, na Shangazi atakula mbao zikikomaa. Shangazi alimwuliza, "Zikikomaa lini, shemeji?" Wote walijua mti wa mbao unakomaa lini, na walijua umri wake.

Wazo la trekta alilileta yeye mwenyewe, asubuhi moja, akiwa anapuliza moto. Matrekta madogo ya mtumba kutoka Japani ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kuonekana Makambako, na yeye alikuwa ameliona moja juu ya lori, akalishangaa kama mtoto. Mumewe aliacha miti yake michache ya mbao kule juu, Shangazi akaiuza yote. "Aliipanda ili inisaidie," akasema. "Haya, inisaidie." Mimi nilifurahi kama mjinga. Nilidhani kununua trekta ni kama kununua redio, unakwenda unachagua inayong'aa.

Kumbe palikuwa na jambo la njia. Nyumba ile imekaa kwenye shingo ya kilima. Kushoto kuna korongo, kulia kuna mpaka wa Mzee Obadia uliojaa miti yake, na kwenda shambani kuna njia moja tu, ile inayopita uani kati ya makaburi mawili. Kaburi la Baba Enoki limegusa ukingo wa korongo, la Enoki limegusa ua wa Mzee Obadia. Kwa mtu mwenye jembe begani njia hiyo ilitosha kabisa, na mimi nilikuwa nikipita pale na ndoo kila siku bila kufikiri kitu. Shangazi akakata mwanzi, akaulaza chini kutoka tofali la kaburi moja hadi tofali la jingine, akaukata ulipokomea. Kisha akapima kiganja chake kila upande, akakata tena. "Cha nini tena, Shangazi?" nikamwuliza. "Cha heshima," akasema. Tukapanda basi la Makambako na ule mwanzi, na kondakta akataka kujua ni wa kumchapia nani. "Yeyote atakayeniuzia trekta pana," akamjibu.

Yadi ya matrekta ilikuwa Lyamkena, hapo hapo Makambako, nyuma ya maghala ya mahindi, na ninaweza kusema bila aibu kwamba sikuwa nimewahi kuona kitu kilichonipiga moyo namna ile. Yalikuwa yamepangwa safu, mekundu na ya bluu, madogo kiasi kwamba ningeweza kuona upande wa pili, lakini yamejaa kujiamini kama majogoo. Yameandikwa maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Kwenye mkono mmoja wa gia palikuwa na picha mbili, kobe na sungura, na nikacheka kwa sauti, kwa kuwa nilidhani hadithi ile ni yetu peke yetu. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye tairi, anabandua udongo uliokaukia kwenye meno yake, anausaga kwa vidole na kuunusa. Ulikuwa mweusi, laini, wenye vipande vya mabua. "Huu ni wa mpunga," akasema. "Kuna mama mahali amelima mpunga na hili." Akaufungia ule udongo kwenye pindo la kitenge chake. Mpaka leo nikiona kitu cha mtumba, hata shati, namfikiria yule mama wa Japani.

Madalali walitujia mbio. Mmoja akalipiga trekta kubwa kofi la tumbo akasema lina nguvu za farasi ishirini. Shangazi akamwuliza kwa adabu, "Samahani mwanangu, farasi mmoja ni ng'ombe wangapi?" Yule dalali hakuwa amewahi kumwona farasi, sisi pia, akabahatisha akasema wawili. "Kwa hiyo unataka kuniswagia ng'ombe arobaini kwenye kichochoro changu," akasema Shangazi, akautoa mwanzi na kuuweka mbele ya matairi. Haukufika. Akahamia linalofuata. Madalali wakaanza kucheka, kisha wakaanza kumwigiza, mmoja akapima pikipiki yake kwa fimbo. Wakatuletea pawatila, ile ya kutembea nyuma yake umeshika mikono miwili. Mwanzi ukatosha, na zaidi. Lakini Shangazi alipoishika mikono ile na kujaribu kuigeuza, bega likamgomea, akafumba macho, akaiachia taratibu. Nikasema mimi nitaishika. Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe utaolewa," akasema. "Nachagua kitu kitakachobaki na mimi."

Mwenye yadi alikuwa Mzee Shabani, Mrangi wa Kondoa aliyekuja Makambako na lori akakosa sababu ya kuondoka. Alitoka ofisini na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono na kikombe cha kahawa kuona kicheko ni cha nini. Wakati huo Shangazi alikuwa kwenye trekta jekundu, dogo kuliko mengine yote, na mwanzi ulikuwa umepungua vidole vinne tu. "Mama," akasema Mzee Shabani, "huo mlango wa banda, si uubomoe tu? Fundi wa tofali utampata kwa siku moja." Shangazi akanyooka. "Si mlango, Baba," akasema. "Ni kati ya mume wangu na mwanangu." Kisha akamweleza, kwa maneno machache, jinsi walivyolala na njia inavyopita kati ya korongo na mpaka wa shemeji yake. Mzee Shabani aliweka kikombe chini. Yule dalali wa pikipiki akaiweka fimbo yake nyuma ya mgongo. "Makaburi hayakanyagwi," akasema Mzee Shabani, kwa sauti nyingine kabisa. Akamwita fundi wake alete jeki.

Nilijifunza siku hiyo kwamba magurudumu ya nyuma ya trekta dogo yanaweza kugeuzwa. Ringi yake imebonyea upande mmoja. Ukiifunga ikitazama nje, trekta linapanuka, ukiigeuza itazame ndani, linabana. Fundi alifungua nati kwa spana ndefu, akayabadilisha matairi pande, akafunga, akateremsha jeki. Shangazi akaweka mwanzi. Ukakaa sawasawa. Nikapiga makofi, na mimi peke yangu ndiye niliyepiga, kwa sababu Mzee Shabani alikuwa akitikisa kichwa. "Mama, mimi ni mfanyabiashara lakini usiku nalala," akasema. "Hilo shamba lako lina mteremko. Trekta likibanwa hivi ni kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Likipinduka, aliyekaa juu hana pa kukimbilia. Chukua lile pana, umwombe shemeji yako njia." Shangazi akafikiri, kisha akasema neno ambalo nimelitumia mara nyingi maishani nikiwa na watu wema. "Shemeji yangu si mbaya, atanipa. Na mwakani nitaomba tena, atanipa. Lakini nitakuwa nalima kwa ruhusa ya moyo wake, na moyo una siku zake." Mzee Shabani akatununulia chai ya maziwa na chapati kwenye mgahawa wa jirani, tukala pamoja. Alipotuaga alisema Shangazi ampe siku kadhaa, atafikiri. Sijawahi kumsikia mwuza kitu mwingine akiomba muda wa kufikiri.

Mzee Obadia alikuja kesho yake mchana, habari za mwanzi zimemtangulia. Walikaa sebuleni, mimi nikiwa jikoni napembua maharage, na kati ya sebule na jiko lile hakuna siri, kuna hatua mbili za uani na mlango wa mabati tu. Nilimsikia akikohoa kikohozi cha kuanzia. "Shemeji, naona unapima ile nafasi." Shangazi akasema ndiyo. "Ile nafasi kaka aliiacha kwa mdomo wake mwenyewe. Ni kitanda chako. Utapitisha chuma juu ya kitanda chako?" Mkono wangu ukasimama kwenye ungo. Miezi yote ile nilikuwa nikipita pale na ndoo za maji, nikiruka, nikiimba, sikujua kwamba napita mahali ambapo Shangazi alikuwa amewekewa alale. Nilimsikia akikoroga chai yake, akikoroga muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bado sijalala, shemeji."

Mzee Obadia akavaa kofia yake. Aliondoka bila kumaliza chai. Mimi nilishikwa na hofu, na nyuma ya hofu kitu kikubwa zaidi ambacho wakati huo sikuwa na jina lake. Nilimtazama Shangazi akirudi jikoni, mwanamke mfupi mwenye sweta la kijani lililotoboka kiwiko, akachukua ungo mikononi mwangu na kuendelea kupembua kwa mkono wake mmoja. Nilikuwa nimefundishwa kwamba watu wakubwa ni wale wanaozungumza kwenye mikutano. Nilimwogopa kama unavyoogopa mlima, si kwa kuwa utakudhuru.

Baada ya siku hizo Mzee Shabani alikuja mwenyewe na lori, trekta jekundu limefungwa kamba nyuma, fundi wake amekaa juu yake kama bwana harusi. Aliteremka, akatembea mpaka kwenye makaburi, akavua kandambili zake, akasimama kidogo mikono imefunguka, akarudi. Hakuwa ameambiwa na mtu afanye hivyo. Kisha akatueleza alichofikiri. Matairi ya nyuma yatajazwa maji, si hewa peke yake. Maji yana uzito, na uzito ukikaa chini, trekta jembamba linashika ardhi. Watu wa mashamba makubwa hufanya hivyo, akasema, sema kule wana pampu. Sisi hatukuwa na pampu, mto uko bondeni, na matairi yale yalikuwa na njaa. Shangazi alifikiri, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kikao cha ukoo. "Basi naita mgowe," akasema.

Na watu walikuja. Wale ambao hawakuja kulima, walikuja kulinywesha trekta. Sijui kama ilikuwa ni udadisi, au ni togwa, au ni ile aibu ndogo inayomsumbua mtu aliyekataa wito, lakini walipanda kutoka mtoni na ndoo vichwani, wanawake, wasichana, wapasua mbao wenye vumbi la mbao kwenye kope, wakimwaga maji kwenye pipa lililowekwa juu ya ukingo. Kutoka kwenye pipa fundi aliteremsha mpira mwembamba mpaka kwenye vali ya tairi. Maji yakaingia yenyewe, na kila mara alipouchomoa mpira hewa ilitoka ikiguna, na watoto wakasema linacheua. Bibi yule wa togwa akauliza baridi yetu ikiyagandisha je? Fundi akamtazama Mzee Shabani, Mzee Shabani akatazama mbingu. "Basi tutalilaza jikoni," akasema bibi. Walianza kuimba, zile nyimbo za matuta, na mimi nilisimama na ndoo yangu tupu nikawatazama wamepangana kutoka bondeni mpaka juu, maji yakipanda kilima kwa vichwa vya watu na kuingia ndani ya kitu kilichovuka bahari. Machozi yalinitoka. Nikasingizia moshi, ingawa tulikuwa mbali na jiko.

Fundi alibaki akanifundisha kuendesha kwenye kiwanja cha shule. Shangazi alikuwa ameamua ni mimi, na alipoulizwa kwa nini si mwanaume alisema ninazo nyayo nyepesi. Siku ya kupita ilipofika ua ulijaa watu. Nilikaa kwenye kile kiti cha chuma. Shangazi alitangulia mbele ya trekta na mwanzi wake, akasimama pale kwenye nafasi, akasema kwa sauti ya mtu aliyefika kwa jirani, "Hodi, Baba Enoki. Hodi, Enoki. Tunapita." Akanipungia. "Kobe," akaniambia. Nikasukuma mkono wa gia mpaka kwenye picha ya kobe, nikaachia klachi kama nilivyofundishwa, na kile kitu kikasogea. Kushoto matofali, kulia matofali, kiganja kimoja kila upande, ndicho kile cha heshima. Sikuvuta pumzi. Nilisikia maji yakizunguka ndani ya matairi chini yangu, sauti ndogo ya mto ukiwa ndani ya mpira, na nikapita kati ya mume na mtoto bila kugusa hata jani la ua walilopandiwa. Mzee Obadia alikuwa amesimama upande wake wa mpaka, kofia mkononi.

Tulilima. Sehemu ya juu ilikuwa rahisi, ya mteremko ilinikausha mate. Mara moja tairi la juu lilianza kuwa jepesi, nikalisikia kiunoni kabla ya kuliona, na Shangazi akapaza sauti kutoka chini, "Kobe, mwanangu. Kobe." Nikatulia, maji yakarudi mahali pake, trekta likakaa. Ule mteremko mkali kabisa tuliuachia majembe. Mvua za kwanza zilipokuja zilikuta shamba limefunguka lote, jekundu, linatoa mvuke asubuhi, na hakuna mtu aliyetaja tena miti. Siku moja nilimkuta Mzee Obadia peke yake uani amelichuchumalia trekta, sikio lake kwenye tairi, anasukumasukuma kidogo kwa bega ili asikie maji. Aliponiona akasema anatazama upepo.

Lakini lile neno aliloniuliza Mzee Obadia asubuhi ya msiba, Shangazi aliniambia siku ya kwanza ile ile ya kulima, mwisho wa shamba, pale trekta linapogeukia. Tulikuwa tumekaa chini tunakula viazi baridi, nyuma yetu injini inapoa ikitatarika. Akayaangalia matuta yanavyopanda mpaka nyumbani. "Nikifa mnizike hapa," akasema. "Kule pana njia sasa." Nikamwambia asiseme hivyo. Akamenya kiazi chake. "Wale wapo wawili, hawana upweke. Shamba likikosa njia ndilo litakalokuwa na upweke." Nikamwuliza, kwa ujinga wa umri wangu, kama haoni uchungu kutolala na wao. Akakimega kiazi chake katikati. "Naona," akasema. "Naona sana." Akanipa nusu ya kiazi.

Chai ikaisha. Nikatoka jikoni na ule mwanzi mkononi, nikamwambia Mzee Obadia yote, mbele ya wachimbaji. Aliuchukua mwanzi, akaufuta masizi kwa kiganja, akasema tu, "Nendeni mwisho wa shamba." Wakaenda. Mchana baada ya ibada, wanaume sita waliinua jeneza, watatu huku na watatu huku, wakafika kwenye makaburi wakasimama. Hawakuenea. Watu na jeneza lao ni wapana kuliko trekta. Hakuna aliyelifikiri hilo. Mtu mmoja akasema tuzunguke, tupite msituni kwa Mzee. Mzee Obadia akatikisa kichwa. "Akiwa hai hakupita kwangu," akasema. "Washeni trekta."

Liko bado, limepakwa rangi mara mbili, ringi zake zinatazama ndani mpaka leo. Wakalifunga tela dogo jembamba alilotengenezesha Shangazi mwenyewe, wakaliweka jeneza juu, nikapanda na kitenge changu cha msiba. Nikasema hodi, kama alivyonifundisha, kwa wote wawili. Nikaingia. Tela lilipofika katikati, jeneza likiwa kati ya mumewe na mwanawe, nikakanyaga klachi nikasimama. Nilitaka alale pale kidogo, hata kama ni kwa pumzi chache tu, kwenye kitanda chake alichokiacha kwa ajili ya mahindi na viazi na sisi sote tuliokula. Mzee Obadia alikuja taratibu na fimbo yake, akaweka mkono juu ya jeneza, akaniacha nikae hivyo. Kisha akainua uso.

"Haya, mpeleke," akasema. "Bado hajalala."

Nikausukuma mkono mpaka kwenye kobe, tukapita.